Gunia Haliachwi Hewani

"Unafanya kazi gani?" daktari aliniuliza asubuhi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kupasuliwa ngiri.

"Biashara," nikamjibu.

Akaliandika neno hilo kwenye faili, akaniambia nipumzike wiki mbili kisha nirudi kazini taratibu. Nikashukuru, nikashuka ngazi za wodi nimeshika tumbo kama mtu aliyeficha kuku ndani ya shati.

Ningemjibu vingine, pengine leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini hapa Busia mtu akikuuliza kazi husemi "nabeba magunia." Unasema biashara, hata kama biashara yenyewe inakuacha na vumbi la mahindi mpaka kwenye kope. Nina stoo ya nafaka upande wa Uganda, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka mpakani. Nanunua mahindi na maharage kwa wakulima wa Lumino, Masafu, Buteba na vijiji vya kuteremkia Majanji ziwani. Nayaanika kwenye turubai, nayapima, nayashona, na malori yanayavusha kwenda Kenya. Nina vijana watatu. Wananiita mzee, ingawa ndiyo kwanza nina miaka 43, na gunia linapopandishwa kwenye lori huyo mzee ndiye mtu wa nne. Gunia kwetu ni kilo 100, na likifungwa lumbesa linapita hapo.

Ngiri yangu ilianza kama uvimbe wa ukubwa wa ndimu, kinenani upande wa kulia. Nikilala inarudi ndani, nikisimama na kukohoa inachungulia. Nilikaa nayo miaka miwili. Nilijifunza kuirudisha kwa vidole viwili nikiwa nyuma ya rundo la magunia, kama mtu anayepanga mkanda wa suruali. Siku nilipomweleza mmoja wa makuli wanaotusaidia siku za lori, alicheka sana, kisha akaniambia yake ina miaka sita. Wanaume wa kazi hizi tunatembea na ngiri kama watu wanavyotembea na deni: kila mmoja anadhani ni lake peke yake.

Kila nilipotaka kwenda kupasuliwa, msimu ulikuwa unakaribia. Mahindi ya msimu wa kwanza huanza kuingia mwisho wa Juni, ya msimu wa pili huingia karibu na Krismasi, na katikati yake kuna karo. Tena mimi ni yule aliyeumwa na nyoka, nikiona ung'ongo nashtuka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Zuio lenyewe lilidumu siku chache tu, likafuatwa na masharti mapya ya vyeti, lakini siku hizo chache mimi nilikuwa na mzigo kwenye foleni na riba ya mkopo kwenye sako. Tangu hapo, kulala kitandani wakati mpaka uko wazi nilikuona kama dhambi.

Kilichonitoa stooni ni mteja wangu mmoja wa maharage. Ngiri yake ilinyongwa. Utumbo ulitoka ukanaswa, damu ikashindwa kupita, na kufikia usiku alikuwa anatapika huku tumbo limekaza kama ngoma. Walimpasua alfajiri na kumkata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeanza kufa. Alipona, ila nilipokwenda kumtazama nilimkuta amekwisha kuwa mzee wa miaka mia. Wiki iliyofuata nikapanga tarehe.

Hospitali za serikali nchini hazitozi ada tangu 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia, na nilikuwa nimejiandikisha katika mojawapo. Lakini ngiri isiyonyongwa inakaa nyuma ya mama anayejifungua na nyuma ya kijana wa boda aliyevunjika mguu, na siwezi kusema ni makosa. Baada ya miezi mitano ya kuambiwa njoo wiki ijayo, nikaenda hospitali ya misheni upande wa Tororo na shilingi laki tisa za Uganda mfukoni. Jumanne ya kwanza ya Juni wakanichoma ganzi ya mgongo, na kuanzia kiunoni kwenda chini nikawa gunia. Nilikuwa macho. Nilisikia vyuma vikigongana na daktari akimuuliza mwenzake bei ya sukari.

Nilikuwa nimeambiwa nitawekewa wavu ndani, wa kushikilia pale palipolegea. Niliuliza ni wavu wa namna gani, maana nawajua wavuvi wa Majanji. Muuguzi akacheka, akanipa habari ambayo baadaye niliitafuta nikaikuta ni kweli tupu. Wavu wa ngiri unaotengenezwa na makampuni ni ghali mno kwa hospitali za kwetu, kwa hiyo madaktari wa Uganda na wa Sweden walifanya jaribio hapo Kamuli, kaskazini mwa Jinja, katika hospitali ya misheni. Walikuwa wanaume 302. Kundi moja likawekewa wavu wa kampuni, la pili likawekewa kitambaa cha jamii ya chandarua, kimekatwa na kuuliwa vijidudu, cha kama dola moja tu. Matokeo yalitoka 2016. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja wa chandarua, na kwa wale wa wavu ghali haikurudi kwa yeyote. Yaani karibu sawasawa. Nimewasimulia watu wengi jambo hili, hasa wale wanaodhani kila utafiti wa maana unafanyika ng'ambo.

Wiki ya kwanza nyumbani haina mengi, ila mawili sikuonywa. La kwanza, siku ya tatu nilijitazama bafuni nikakuta sehemu zangu za siri zimekuwa na rangi ya bilinganya. Nikapiga simu hospitali kwa sauti ya chini, muuguzi akasema ni damu ya chini ya ngozi inateremka, itaondoka yenyewe. La pili ni choo. Dawa za maumivu zinafunga tumbo, na kujikamua ndicho kitu usichotakiwa kufanya. Siku ya tano Mama watoto alileta mapapai mawili na jagi la maji akaketi mbele yangu kama askari. Daktari anaweza kukukataza kuinua ndoo, lakini kama hakukutajia papai, ushauri wake una tundu.

Halafu wageni. Kila mgeni alikuja na sukari na tarehe. Shemeji yangu wa Mbale alisema kaka yake alirudi uwanjani kucheza mpira baada ya wiki tatu. Jirani akasema baba yake, tangu apasuliwe, hakuinua tena hata jerikani la lita 20 mpaka anaingia kaburini. Fundi wa redio akasema wiki sita, akakata kama hakimu. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akiba hakusema wiki ngapi. Aliuliza tu kama Jumapili nitakuja na hisa yangu.

Siku ya 11 nilikuwa kwenye kiti cha plastiki stooni. "Nasimamia tu," nilimwambia Mama watoto. Kidonda kilikuwa kimekauka, nyuzi zimetolewa, ngozi imefunga vizuri kama mshono wa suti. Natembea bila kuinama. Na kusema kweli nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja akilazwa kitandani anaanza kusikia panya wa jirani.

Siku ya 16 likaja lori la maharage. Maharage huwahi kuvunwa kabla ya mahindi, na bei ilikuwa nzuri. Nilikaa kwenye kiti changu na daftari, natia alama kila gunia linapopanda, na gunia la 30 na kitu, lumbesa la kupindukia, lilikuwa limefika usawa wa vifua vya vijana wawili pale mmoja alipokanyaga punje zilizomwagika akateleza. Sikufikiri. Daftari lilianguka upande huu, mimi nikawa upande ule, bega chini ya gunia.

Na hapo ndipo nilisikia kitu kinavutika kinenani, kama uzi wa mkonge unapopitishwa kwenye shazia. Nilitaka kuachia. Kila kiungo cha mwili kiliniambia achia. Lakini chini ya gunia kulikuwa na mguu wa kijana wa watu, na aliyekuwa juu ya lori alikuwa bado hajalipata vizuri. Nikashikilia mpaka likapanda. Pengine ni sekunde kumi. Nikarudi kwenye kiti, nikaokota daftari, nikatia alama.

Jioni pale kwenye mshono palikuwa pamevimba kama yai. Usiku kucha niliwaza kwamba wavu umeng'oka na laki tisa zimekwenda na maji. Nilikuwa pia nasoma simuni, kama kila mgonjwa wa siku hizi, na ndiko nilikoona kwamba mwongozo wa kimataifa wa ngiri uliotolewa 2018 unawashauri madaktari wasiwafunge wagonjwa. Kama hakuna tatizo, mtu arudie shughuli zake mapema kadiri anavyostahimili. Nikapata nguvu kidogo. Nikaenda Tororo asubuhi nikiwa nimejiandaa kwa kesi.

Daktari alinibonyeza, akaniambia nikohoe, akabonyeza tena. Ngiri haikurudi, alisema. Ni majimaji yamejikusanya penye jeraha, yatanyonywa na mwili, hatayatoa kwa sindano asije akaingiza vijidudu. Kisha akafungua faili.

"Mbona ulinidanganya?"

"Sikukudanganya, daktari."

"Hapa umesema biashara."

"Ndiyo biashara."

"Biashara ya kukaa dukani na kurudisha chenji, au ya nini?" Akavua miwani. "Haya, nieleze siku yako tangu unapoamka. Usinitajie kazi. Nieleze mikono na mgongo vinafanya nini."

Nikamweleza, na nikiri kwamba sikuwahi kuisikia siku yangu ikisemwa hivyo. Saa kumi na mbili na nusu nasukuma mlango wa chuma ambao umepinda na unakwama kwenye reli yake. Natoa turubai. Wakulima wanaanza kuja, nachoma bambo kwenye kila gunia kupata sampuli, nang'ata punje, napima unyevu, maana ukizidi asilimia 13.5 mnunuzi wa Kenya anayakataa. Nageuza mahindi juani kwa reki. Naburuta gunia mpaka kwenye mizani. Nashona midomo ya magunia. Mchana napanda pikipiki kwenda vijijini kwenye barabara ya muramu, mara nyingine narudi na gunia la sampuli nyuma. Jioni lori. Usiku hesabu.

Alikuwa anaandika. Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikamtolea ule mwongozo wa 2018. Hakukasirika. Alisema anaufahamu, na ndiyo maana hakunipa miezi mitatu kama wazee wake walivyokuwa wakiwapa watu zamani. Ila akaniuliza mwongozo unasemaje: kadiri unavyostahimili, siyo?

"Ndiyo."

"Jana uliposikia kimevutika, ulistahimili?"

"Hapana."

"Uliacha?"

Nikamweleza habari ya mguu wa kijana.

"Basi mwongozo ule haukukuhusu jana," akasema. "Mtu anayeambiwa afanye kadiri anavyostahimili ni mtu anayeweza kuacha. Mimi sikuulizi unaweza kuinua kilo ngapi, mzee. Nakuuliza, ukisikia maumivu, unaweza kusimama hapo hapo?"

Tukaipitia siku yangu upya kwa swali hilo, tendo kwa tendo, na ilikuwa ajabu jinsi ilivyojipanga tofauti na nilivyotarajia. Bambo: ukisikia kitu unaacha, chomo linalofuata litasubiri, ruhusa leo. Kushona magunia umeketi, ruhusa. Reki vilevile, kwa muda mfupi mfupi. Mlango wa chuma: hapana, kwa sababu ukikwama wewe mwenyewe ndiye unayeongeza nguvu, na kijana mmoja anaweza kuusukuma. Pikipiki, alitaka kujua kama naweza kukanyaga breki kwa ghafla bila kuogopa. Nikajaribu kukanyaga sakafu pale pale, nikakunja uso. Akasema siku utakapokanyaga bila kukunja uso, panda, na ukifika kwenye mashimo shuka utembee. Barabara haikuzuii kusimama. Gunia la sampuli nyuma ya pikipiki, hapana. Kuburuta gunia hadi kwenye mizani, baada ya wiki nne, peke yangu, kwa sababu nikiwa peke yangu naweza kuliacha katikati ya sakafu na hakuna atakayeumia.

Lori alilifuta kwa mstari. Alisema wavu ni kama turubai langu: lenyewe halikatiki, vigingi ndivyo vinavyong'oka, na vigingi vya wavu ni nyama ya mwili ambayo inachukua wiki nyingi kuota na kuushika. Ngozi inafunga kwa siku chache na kutufanya tuamini kazi imekwisha. Chini yake, wiki ya tatu mshono bado una kama robo tu ya nguvu yake, na hata baada ya miezi mitatu haupiti sana asilimia 80 ya pale palipokuwa hapajakatwa. Baada ya wiki sita ningeweza kuanza na mizigo midogo. Lumbesa, akasema, hata kabla ya ngiri haikuwa akili.

Nimelitembeza swali lake mtaani tangu siku hiyo, na limenigeuzia watu niliodhani nawajua.

Kuna jirani yangu anayeuza nyanya karibu na kituo cha teksi. Alijifungua kwa upasuaji, na wiki ya tatu alikuwa mezani pake, mtoto amelala kwenye boksi la biskuti chini ya meza. Wakati ule nilimsema vibaya. Nilisema tamaa ya pesa. Sasa naona alikuwa na hesabu kuliko mimi. Kreti alibebewa na mvulana, yeye aliketi kwenye stuli. Mtoto akilia anamwambia mwenzake wa meza ya pili aangalie, anaingia nyuma ya kibanda kunyonyesha. Maumivu yakizidi anafunika nyanya na gunia anakwenda nyumbani, hasara yake ni fungu moja la nyanya zilizolainika. Tumbo lake lilikatwa zaidi ya langu, na kurudi alirudi karibu na wakati niliorudi mimi, na hakukosea.

Vijana wa boda ni kinyume chake. Watu husema jina hilo la boda boda lilizaliwa hapa hapa kwetu, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, na leo karibu kila pikipiki inayopita imekopwa. Mmoja wao alipasuliwa kidole tumbo akarudi barabarani siku ya tisa. Barabarani anaweza kusimama anapotaka, apumzike chini ya mwembe. Malipo ya wiki ndiyo hayasimami. Akikosa mawili pikipiki inachukuliwa.

Walioajiriwa wana sheria, ingawa wengi hawaijui. Binamu yangu ni mlinzi Kampala. Naye alipasuliwa mwaka jana, na kampuni yake ikampigia simu siku ya kumi kumwambia arudi lindoni au nafasi itajazwa. Alikuwa tayari anafunga begi. Nikamtumia kifungu cha malipo ya ugonjwa cha Sheria ya Ajira ya 2006: mfanyakazi aliyetimiza walau mwezi mmoja kazini akiugua, mwezi wa kwanza wa kutokuwepo kwake analipwa mshahara kamili. Anachotakiwa ni kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo na kuleta cheti cha daktari akiombwa. Sheria hiyo hiyo inasema ukifika mwisho wa mwezi wa pili bado mgonjwa, mwajiri anaweza kukuachisha, kwa hiyo si mto wa manyoya. Binamu alipeleka cheti. Walinuna, wakamlipa kwa kuchelewa, na aliporudi wakampeleka geti lenye kiti. Yeye anaona alishinda kwa ajili ya zile siku za ziada. Mimi naona alishinda kile kiti. Lindo la kusimama saa kumi na mbili halina "kadiri unavyostahimili."

Sisi wa stoo, wa meza za nyanya, wa boda, hatuna kifungu. Nikapeleka hoja kwenye kikundi Jumapili. Tuna mfuko wa matanga: mwanachama akifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, au akifa mwenyewe, turubai, sufuria na pesa zinafika kabla jua halijazama. Nikauliza, mtu akipasuliwa je? Mwenyekiti, mama mwenye ulimi, akanitazama juu mpaka chini akasema, "Lakini baba, hujafa." Walicheka mpaka mweka hazina akadondosha kalamu. Ubishi ukaanza. Mmoja aliogopa watu watajisingizia magonjwa. Mwingine akajibu kwamba hajaona mtu anayekubali kuchanwa tumbo kwa ajili ya laki mbili. Tulimaliza giza limeingia: mkopo usio na riba, miezi miwili, kwa karatasi ya daktari. Ni kidogo. Lakini nikiwa na mkopo huo siku ya 11 ningekuwa nimemlipa kuli wa nne, na kile kiti cha plastiki ningekiacha kwa Mama watoto.

Wiki zilizobaki nilijifunza kulipia mikono ya watu. Mpakani kwetu kuna wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuzungusha kwa mikono, na mzigo unaopanda juu ya moja utadhani ni wa pikapu. Mmoja wao ni rafiki yangu wa siku nyingi. Nilimwita anichukulie marobota mawili ya magunia matupu kutoka upande wa pili, akataja bei mara mbili ya kawaida. Nikamuuliza kulikoni. "Leo mlemavu ni wewe, mzee," akasema, "na bei ni yangu." Nikalipa. Tulicheka, lakini bei haikushuka.

Wiki ya tano, mahindi yakiwa yameanza kuingia kwa fujo, simu iliita saa nane usiku. Lori kutoka Nairobi limefika mapema, dereva anataka kupakia awe kwenye foleni ya forodha kabla ya kupambazuka. Kijana wangu mmoja alikuwa amekwenda mazishini Namayingo. Nilifika stooni nikawakuta wawili, taa ya lori inawaka, na dereva amekunja mikono.

"Mzee, wewe ukishika kona moja tu tunamaliza."

Nikaweka mikono mfukoni. Sina namna nyingine ya kuizuia. Ikiachwa nje inakwenda yenyewe. Nikamwambia tunangoja makuli asubuhi. Akapiga kelele kuhusu foleni, kuhusu mwenye lori, kuhusu watu wa Busia. Mwishowe akasema kungoja kuna bei, shilingi elfu tatu za Kenya. Nikamhesabia pale pale chini ya taa, nazo zikaniuma kuliko mshono. Akapanda kabini akalala, miguu nje ya dirisha. Mimi nikakaa kwenye kiti changu mpaka nikasikia adhana ya msikiti wa karibu, na baada yake jogoo.

Wa kwanza kufika saa kumi na mbili na robo alikuwa yule kuli wa ngiri ya miaka sita. Akavua shati, akageukia ukutani kidogo, akajisukuma kwa vidole viwili, akaingia chini ya gunia.

Walipofika katikati ya mzigo wakapumzika kunywa chai. Nikamvuta pembeni nikamuuliza ataenda lini kumwona daktari. Namba ninayo, na kwenye kikundi naweza kumsemea.

"Baada ya msimu, mzee," akasema, akarudisha kikombe.